Kutoka kamba wa mawe hadi Ishango: historia ya jiwe lisilo na anwani

Wenzangu wa chama, nianze na aibu yangu mwenyewe. Tulikuwa mwaka wa tatu unive, watu wanne juu ya moto mbili, tukashuka mteremko wa Bogoro kuelekea Kasenyi. Mvua ilikuwa imepiga usiku mzima. Kwenye korongo moja, mahali ambapo maji yamekata udongo sawa na kisu katika mkate, niliona bonge la jiwe la ukubwa wa ngumi. Ndani yake kulikuwa na konokono wamegeuka mawe, vipande vya mifupa ya samaki, na pembeni kitu cheusi chenye meno madogo, kimepinda. Kilifanana kabisa na kidole cha gando la kaa.

Motari wetu aliuliza tu: "Yaya, ile jiwe iko na dhahabu?" Nikamwambia hapana. Akashangaa mtu mzima anabeba jiwe lisilo na dhahabu mpaka Bunia.

Nyumbani mama alikuwa mkali zaidi: "Njo nini hii unaleta mu nyumba? Majiwe?" Nililiosha kwa sabuni ya unga na burashi ya viatu, halafu nikachukua bisibisi nitoe kile kidole cheusi kionekane vizuri. Kiliruka. Nusu yake nilipata chini ya kitanda, nusu nyingine sijaiona mpaka leo. Iliyobaki niligandisha kwa supaglu, nikapeleka kwa mwalimu wetu nikiwa na furaha kama mtoto.

Mwalimu hakuangalia jiwe kwanza. Aliniangalia mimi. "Ulilitosha wapi?" Kasenyi. "Kasenyi wapi? Tabaka gani? Lilikuwa limeshikwa ndani ya ukuta ama lilikuwa limeanguka chini? Juu yake kulikuwa na nini, chini yake nini?" Nilinyamaza. Akanirudishia jiwe polepole, akasema: "Basi, liweke juu ya televisheni."

Wakati ule niliona amenidharau. Miaka michache baadaye, nikitayarisha memwari yangu juu ya Ishango, nilikutana na jina la mtu mmoja aliyenifanya nielewe swali lile. Na ndiye ninataka tumzungumzie leo, juu ya historia yake inaingia moja kwa moja katika historia yetu, kwa mazuri na kwa mabaya.

Jina lake Victor Van Straelen, Mbelgiji aliyezaliwa Antwerp mwaka 1889. Vitabu vyetu vikimtaja, vinamtaja kama bwana mkubwa wa mbuga za Kongo ya kikoloni. Kumbe kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kamba. Sisi wa Bunia tukisikia kamba tunafikiri ya kufungia mbuzi, kwa hiyo nieleze: watu wa pwani wanaita kamba jamii yote ya kosakosa, na yule mkubwa mwenye ganda gumu, omari au langusti wa hoteli za Wazungu, wanamwita kamba koche. Van Straelen alisoma kamba na kaa waliogeuka mawe, yaani visukuku vyao, au fosili kama tulivyozoea kusema darasani. Mwaka 1925 alitoa kitabu kinene, zaidi ya kurasa 450, juu ya kamba, kaa na jamaa zao wa kipindi cha Jura, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Mtu akitaka kutaja kamba wa kipindi hicho hata leo, lazima apite kwake.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kamba wa mawe haonekani mzima sawa na yule wa sahani. Mara nyingi amefungwa ndani ya bonge la jiwe la mviringo, na ukilipiga nyundo vizuri linapasuka mara mbili: upande mmoja mnyama, upande wa pili alama yake. Mkusanyaji asiyejua anatupa upande wa pili. Anayejua anafunga zote mbili pamoja na kuziandikia namba moja, kwa sababu mara nyingi mguu umebaki huku na kichwa kule.

Halafu inakuja kutambua. Rangi imekwenda, nyama imekwenda, macho na miguu myembamba mara nyingi havipo. Kinachobaki ni gamba la mgongo, na juu ya gamba kuna mifuo, mistari iliyochimbika inayopita shingoni na kushuka ubavuni. Mfuo huu unaungana na ule, ama hauungani. Umepinda mbele ama nyuma. Kwa mifuo hiyo ndiyo watu wanatofautisha ukoo na ukoo. Linafuata swali la mtego: huyu ni maiti ama ni nguo? Kamba anajivua gamba mara nyingi maishani mwake, na kila gamba linaweza kugeuka jiwe. Ukikuta magamba kumi usiseme umekuta kamba kumi. Pengine ni mmoja aliyekuwa anabadilisha koti. Gamba lililofunguka na kuinuka kutoka mkiani linakuambia mwenyewe alitoka akaenda zake.

Unaona mtu wa namna gani anatoka katika kazi hii? Mtu wa mistari midogo, wa namba, wa kuandika kila kitu. Na mtu huyo, mwaka huohuo wa 1925, alifanywa mkurugenzi wa jumba la makumbusho la historia ya asili la Brussels. Tena ni mwaka huohuo, tarehe 21 Aprili, mfalme Albert alitia saini ya kuanzisha Mbuga ya Albert, ambayo sasa tunaiita Virunga. Mwaka 1934 Wabelgiji waliunda taasisi ya kusimamia mbuga zote za koloni, na rais wake akawa Van Straelen. Alikaa hapo mpaka karibu na uhuru wetu, na aliongoza makumbusho mpaka 1954. Mtu mmoja, funguo mbili: mlango wa kutoka vitu Kongo na mlango wa kuingia Brussels.

Kwake mbuga ilikuwa maabara. Hakupenda watalii wengi, na wakaaji hakuwataka kabisa. Wavuvi na wakulima walioishi kandokando ya Ziwa Edward na chini ya milima walilipa gharama ya msimamo huo, na wajukuu wao hawajasahau. Ndani ya maabara hiyo aliingiza wataalamu kwa misheni: wa nyoka, wa nyasi, wa samaki, wa volkano. Kila misheni ilirudi na masanduku, na kila sanduku likazaa kitabu katika mfululizo mkubwa uliokuwa na jina la mbuga.

Misheni mojawapo ilikuwa ya Hubert Damas, mwaka 1935 na 1936. Alikuja kusoma maji ya maziwa. Pale Ishango, mahali ambapo Semliki inatoka Ziwa Edward na kuanza safari yake kuja kwetu Ziwa Albert, aliona mifupa na vyusa vya mfupa ukingoni. Hakuwa mtaalamu wa mifupa, lakini aliandika wapi. Maandishi yale yalilala miaka karibu 15.

Mwaka 1950 akaja kijana wa miaka 30, Jean de Heinzelin, mwanajiolojia wa makumbusho ya Brussels, akachimba Ishango tabaka kwa tabaka. Alitoa vyusa vyenye meno upande mmoja na vingine pande mbili, mifupa ya samaki kwa wingi, mifupa ya watu, na ule mfupa mdogo ambao ninyi nyote mmeuona kwenye intaneti: kama sentimita 10, kipande cha kwatzi kimepachikwa nchani, na mikato imepangwa katika safu tatu. Wengine wanasema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine mikato ya kushikia isiteleze. Mimi ubishi huo siuingii leo, ingawa ninaona tumeuingia mno: kila mtu wa Kongo anajua mikato ya mfupa wa Ishango, na karibu hakuna anayejua ulitoka tabaka gani.

Na tabaka ndilo lililouokoa. De Heinzelin mwenyewe alikadiria umri wa chini ya miaka 10,000. Katika miaka ya 1980 watafiti walirudi Ishango, wakafuata michoro yake, wakakuta tabaka lilelile ukutani, wakachukua vipimo vipya. Umri ukapanda mpaka karibu miaka 20,000, labda zaidi. Fikiria kama angekuwa ameuokota kama mimi nilivyookota jiwe langu: mfupa mzuri, mikato mizuri, na hakuna mtu duniani angeweza kusahihisha kosa lake. Mwendo mfupi chini ya mto, pale Katanda, kikundi cha Alison Brooks na John Yellen kilikuta vyusa vingine vya mfupa, na mwaka 1995 kikatangaza umri wa karibu miaka 90,000. Watu wengi wa fani walikataa, eti vyusa vizuri hivyo haviwezi kuwa vya zamani vile. Ubishi ukawa juu ya nini? Juu ya tabaka, tena tabaka.

Sasa tushuke na Semliki mpaka kwetu Ituri, kwa sababu watu wanafikiri mambo haya ni ya Kivu tu. Upande wa Kongo wa Semliki ya chini, kusini mwa Ziwa Albert, kuna vijito viwili, Sinda na Mohari. Katika mawe yao Wabelgiji walikusanya mifupa na meno ya wanyama wa kale. Yalipelekwa Tervuren, na mwaka 1963 Mholanzi Hooijer akayaandikia kitabu kilichoitwa, kwa Kiswahili chetu, "Mamalia wa Miosini wa Kongo". Mwaka 1970 ilibidi atoe tena maandishi, na jina lake lina neno "masahihisho" ndani. Mimi ninampenda kwa hilo tu. Mwaka 1989 na 1990 Wajapani walirudi Sinda na Mohari kupima tabaka upya. Na ukipanda Mlima Hoyo, njia ya Komanda, kuna pango la Matupi ambalo Francis Van Noten alilichimba miaka ya 1970: vijiwe vidogo vya kwatzi vilivyochongwa na watu zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Ni hapa, wenzangu. Ni safari ya siku moja kama njia ni nzuri, na njia, mnajua wenyewe.

Kuna aliyeniuliza: je, kamba wa Van Straelen wanaweza kupatikana Ituri? Hapana. Kamba koche ni mnyama wa bahari, na mawe ya bonde letu ni ya ziwa na mto. Hata wale kamba wa maji baridi wenye magando, bara zima la Afrika halina wake wa asili, wako Madagascar. Wetu ni kaa. Kaa anayetembea leo kwenye mawe ya Ziwa Albert ana jamaa ndani ya mawe yenyewe, na upande wa Uganda wa bonde hilihili mabaki yake yameshaandikwa. Lakini kaa wa maji baridi ni mgumu kupatikana: ganda lake jembamba linaoza na kuvunjika haraka, na mara nyingi kinachobaki ni vidole vya magando, sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Ndiyo maana kile kidole cheusi kilichoruka chini ya bisibisi yangu bado kinaniuma.

Mfano unaonipa moyo unatoka Tanzania. Kusini-magharibi, kwenye bonde la Rukwa, ambalo ni mkono uleule wa bonde la ufa unaopita kwetu, kikundi cha watafiti kilikuta kaa wa maji baridi wa karibu miaka milioni 25. Mwaka 2007 walimpa jina la kisayansi: Tanzanonautes tuerkayi. Nusu ya kwanza ni nchi, nusu ya pili ni heshima kwa Mjerumani Türkay, bingwa wa kaa. Angalia waliotia majina juu ya maandishi hayo: pamoja na Wamarekani yumo Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yumo Sifa Ngasala.

Linganisha na Ishango. Katika masimulizi yote ya Ishango niliyosoma kwa ajili ya memwari, na nilisoma mengi, kuna jina la Damas, la de Heinzelin, la aliyechora, la aliyetambua konokono, la rais Van Straelen aliyetoa ruhusa. Jina la mtu mmoja aliyeshika jembe, aliyebeba kikapu cha udongo, aliyeona kwanza kitu cheupe kikitokea ukutani, sijalikuta. Mtu wa mistari midogo, aliyejua kwamba mfuo mmoja juu ya gamba unabadilisha ukoo mzima, alijenga nyumba ambamo kila konokono ana namba na wachimbaji hawana majina. Mfupa wenyewe uko Brussels mpaka leo. Watu wanadai urudi na mimi nimo kati yao, lakini siku utakaporudi, nani atapokea? Utawekwa wapi, ndani ya kabati la nani, kwa unyevu gani, na funguo itakuwa kwa nani? Haya si maswali ya kuwatetea Wabelgiji. Ni kazi ambayo mtu wa diplome anaweza kuianza bila kungoja ndege ya Brussels.

Niseme basi nilichojifunza baadaye, kwa kuharibu. Ukiona kisukuku ukutani, usikiguse kwanza. Piga picha ukiwa mbali, halafu karibu, na kalamu ama sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Andika namba za mahali kutoka kwenye simu, sasa kila simu inazo. Chora ukuta: udongo mwekundu juu, mchanga, mstari wa konokono, udongo wa kijivu, na kipimo cha kila tabaka kwa metre ya fundi wa nguo. Kama kimeanguka chini, andika kwamba kimeanguka. Ni ukweli pia. Andika ni nani alikiona kwanza, hata kama ni mtoto mchunga mbuzi, jina lake lote na kijiji. Na kabla ya hayo yote, omba ruhusa kwa chifu na kwa wakubwa wa sehemu. Kama ni ndani ya mbuga usichukue kitu hata kimoja. Kama hali ya usalama si nzuri, baki nyumbani; jiwe limengoja miaka milioni, litangoja na mwaka huu.

Kutoa ni jambo lingine. Jiwe dogo linafungwa kwa karatasi laini ya chooni, halafu gazeti, halafu karatasi ya maelezo inawekwa ndani, siyo nje tu, kwa maana wino wa nje unafutika kwa jasho la safari. Kitu kikubwa kinachovunjika kinafunikwa karatasi iliyolowa, juu yake vipande vya gunia vilivyochovywa katika plasta, sawa na mkono uliovunjika. Ukifika nyumbani, acha bisibisi. Kinachosafisha ni sindano, burashi laini, na muda, ukiondoa mchanga punje kwa punje chini ya kioo cha kukuzia. Maji jaribu kwanza kwenye kipande kisicho na maana, kwa sababu kuna udongo unaovimba na kupasua mfupa. Na supaglu, wenzangu, ni adui: ikishika imeshika. Wanaojua wanatumia gundi inayoyeyuka kwa asetoni, ili yule atakayekuja na akili kuliko yako aweze kuifungua na kurekebisha kosa.

Mwaka jana nilirudi chini ya Bogoro na mmoja wa wale watatu, sasa ni mwalimu wa sekondari. Tulitafuta korongo letu nusu ya siku. Makorongo yalikuwa mengi, mengine yamefunikwa na mashamba ya muhogo, mengine yamekatwa upya na mvua. Mwenzangu alisimama kwenye moja akasema ni hili. Mimi nikasema ni lile lenye mti. Mzee mmoja aliyekuwa anafunga mbuzi alitusikiliza, akacheka, akasema mti ule ameupanda mwenyewe miaka minne iliyopita.

Tulimwomba ruhusa, tukashuka kwenye korongo la karibu na nyumba yake. Kwenye ukuta, kwa urefu wa kifua, kulikuwa na mstari wa konokono weupe unaoendelea mpaka kwenye kona. Tulipima: sentimita 22. Tulichora, tukapiga picha, tukaandika jina la mzee katika kaye, yeye mwenyewe akatusahihishia herufi. Hatukutoa kitu. Jiwe langu la zamani bado liko mezani, na karatasi niliyolifungia inasema: "Kasenyi, labda. Tabaka: hakuna. Kidole cha kaa, nusu. Liliokotwa na mimi."